Msimu wa Mistari Minene

Jumatatu, 4 Machi

Dada yangu amesema nimewachosha watu masikio. "Kaka," amesema, "kila sifa ikikujia mdomoni iandike kwanza. Ikishakauka kwenye karatasi, utaona kama bado inastahili kusemwa." Amenipa na daftari, la kurasa mia mbili. Ananijua.

Basi naanza leo, maana leo nimepata kazi ambayo hata nikiieleza bila kuongeza kitu mtu atadhani nimeongeza. Mimi fundi wa mafriji, niliyeachana na shule darasa la saba kwa makubaliano ya pande zote mbili, nimeajiriwa kutunza friji yenye baridi kuliko Ncha ya Kaskazini, kuliko mwezini upande wa usiku, kuliko huko kati ya nyota na nyota. Si mimi niliyesema, ni mpwa wangu, binti wa huyu huyu dada, ambaye ndiye mwenye mashine. Amesomea eksirei. Si zile za kupiga kifua hospitalini. Hizi ni za kuulizia kitu kimeumbwa na nini.

Kazi yangu ni kompresa, pampu, mabomba ya gesi na mtambo wa maji ya kupozea. Ndani ya friji sigusi. Nimewaambia sawa, ingawa nimewahi kuitengeneza friji ya bucha ikawa kali hadi ng'ombe aliyening'inia humo akapiga chafya.

Asubuhi tulipewa mafunzo ya usalama na mama mmoja mtu mzima wa vipimo. Hacheki. Nimempa jina Bibi Kipimo. Alieleza vitu vingi vya kutoleta karibu na mashine. Wakati huo nilikuwa namsimulia mlinzi habari ya yule ng'ombe, kwa hiyo mengine yalinipita, lakini baridi ni baridi. Nimeijua kabla hawa hawajaota meno.

Ijumaa, 8 Machi

Leo friji imevishwa koti. Mwili wake ni alumini, mrefu kama mtu aliyesimama kwenye stuli, na juu ya alumini wameuvisha chuma chembamba kinachong'aa. Bibi Kipimo alikaza skrubu zote mwenyewe, akapita na kifaa chake kuzunguka chumba kizima, akasema, "Koti limekaa. Sasa tupo salama."

Walipokwenda kula nami nikafanya desturi yangu. Kila friji niliyoitia mkono naiachia kibao: kipande cha bati ukubwa wa kiberiti, kimeandikwa FUNDI BARIDI na namba ya simu, kwa nyuma kina sumaku ya kukishikilia. Huwa nakiweka nyuma, chini, yanapoingia mabomba, ili fundi mwingine akija kuharibu ajue aliyetangulia ni nani. Mji huu una vibao vyangu kama mia nne. Au mia mbili. Jumatatu nilijaribu kukibandika kwenye alumini kikateleza. Leo kwenye koti kimeshika vizuri, tap! Kama mtoto na ziwa la mama.

Jumamosi, 9 Machi

Mvua imeanza. Bati la nyumba yangu linavuja palepale pa mwaka jana.

Jumatano, 13 Machi

Imepoa. Imechukua siku mbili kushuka, na mimi nimekesha na kompresa yangu kama mkunga. Mpwa alipoona namba kwenye skrini akanikumbatia mbele za watu.

Nilimwomba anieleze kinachofanyika humo ndani, maana mitaani wananiuliza na sipendi kudanganya bila msingi.

Akasema, "Mjomba, ndani kuna vichuma vidogo, vyembamba kuliko unywele. Vikipoa sana, umeme unapita ndani yake bila kuzuiwa na kitu chochote. Bure kabisa. Sasa sisi hatuvipoozi hadi mwisho. Tunaviweka ukingoni, pale ambapo joto likiongezeka chembe tu, vinaanza kuuzuia umeme."

"Kama shemeji yangu kabla hajala," nikasema.

"Baba ukimgusa tu."

"Ukimpumulia tu."

"Haya, ndivyo hivyo. Punje moja ya eksirei ikikigonga kichuma, kinapata joto kidogo, umeme unayumba. Ukipima umeyumba kiasi gani, unajua punje ilikuwa na nguvu kiasi gani. Na kila madini yana nguvu yake, haifanani na ya mwenzake. Kwa hiyo unajua ni madini gani yaliyoitoa."

Jioni wakaweka jiwe la majaribio. Ni jiwe la kijivu, linang'aa kama kioo kilichovunjika, zito kama deni. Limeumbwa na vitu viwili, salfa na risasi, ile risasi ya kwenye betri za magari. Salfa na risasi hutoa eksirei za nguvu zinazokaribiana. Mashine za kawaida zikiliangalia jiwe hilo zinaona kilima kimoja. Mashine hii inatakiwa ione vitu viwili vilivyosimama mbalimbali.

Tukasimama wote mbele ya skrini. Kikainuka kilima. Kimoja. Kinene.

Mpwa akasema, "Ni siku ya kwanza." Bibi Kipimo akaandika kwenye fomu yake, "Mstari mnene," maana kilima cha kwenye skrini wao hukiita mstari.

Alhamisi, 14 Machi

Mistari minene.

Jumatatu, 18 Machi

Mistari minene. Mtambo wa maji unafanya kazi kama saa. Hata Mkuu wa idara amepita akasema chumba kina utulivu. Nikamwambia utulivu huo ni mimi.

Ijumaa, 22 Machi

Nimeelewa kwa nini Mpwa amekonda. Mashine hii wameazimwa. Huko ilikotengenezwa ilikuwa inatoa mistari myembamba kama uzi, na taasisi nyingine tatu zinaililia. Mkuu amempa hadi mwisho wa Mei. Salfa na risasi zikitengana hapa, mashine inabaki na yeye anabaki nayo. Zisipotengana, mashine inapakiwa inakwenda kwingine, na mkataba wake unaishia hapohapo.

"Na wewe utafanya nini?" nikamuuliza.

"Nitafundisha mahali. Kama nitapata."

"Utakuja kwangu tutengeneze mafriji. Wewe utashika tochi."

Akacheka, lakini kicheko cha kunipa heshima tu. Huyu mtoto nilimfundisha mimi kuendesha baiskeli, na alikuwa akianguka halii, anaikagua baiskeli kwanza. Leo nimemwona anaikagua mashine vilevile.

Jumapili, 24 Machi

Nimekula kwa Dada. Nikawaambia nzi alipita juu ya friji yetu akaganda hewani, ikabidi tumtoe kwa koleo. Shemeji akauliza koleo la ukubwa gani. Anadhani nitajikwaa. Nikamwambia la nyusi.

Jumanne, 2 Aprili

Radi, umeme ukakatika. Jenereta ikachelewa kuwaka na friji ikaanza kupata joto. Nilikimbia ngazi zote na viatu mkononi nikaizungusha kwa mkono. (Kweli ilijiwasha yenyewe, lakini nilikuwa nimeshafika.) Siku mbili za kupooza tena.

Alhamisi, 4 Aprili

Mistari minene. Mpwa amezima pampu moja akihisi inatikisa. Minene. Amezima taa. Minene. Amewaomba watu wa jengo wasimamishe lifti mchana kutwa, na mhasibu mmoja mnene wa ghorofa ya tano amepanda kwa miguu akitutukana kila ngazi. Minene bado, yeye ndiye aliyepungua.

Jumanne, 9 Aprili

Leo nimefanya uchunguzi wangu mwenyewe. Nimeona mkono wa Bibi Kipimo ukitetemeka alipokuwa ameshika kikombe. Na yeye ndiye aliyelehemu nyaya zote za ndani, zile nyembamba zinazobeba huo umeme wa bure. Nikaunganisha moja na moja.

Saa ya chai Mkuu akaniuliza, kwa utani tu, "Fundi, wewe mwenye macho ya nje, unaonaje?"

Sasa mtu mkubwa akikuuliza, utajibu kwa neno moja? Nikamwambia mashine haina ubaya, baridi haina ubaya, ila kuna mkono fulani wa vipimo unatetemeka kama jenereta ya dizeli, na lehemu inataka mkono uliotulia. Nikamwonyesha na jinsi unavyotetemeka. Chai ikamwagika, watu wakacheka. Nilikuwa katika siku nzuri.

Alhamisi, 11 Aprili

Bibi Kipimo ameondolewa kwenye mashine. Mkuu amesema apumzike, apange stoo. Mama hakuuliza sababu. Alivua koti lake jeupe, akalikunja mara nne, akalichukua.

Mpwa ameingia chumbani kwangu cha kompresa, akafunga mlango. "Mjomba, ulimwambia nini Mkuu?"

"Alichoniuliza."

"Lehemu zile nimezipima mwenyewe. Ni safi."

"Basi mistari inanenepeshwa na nani?"

Akafungua mlango akarudi kwenye mashine yake. Nikajiona nimeshinda. Ushindi wenyewe haukuwa na ladha, nikadhani ni mafua.

Jumatatu, 15 Aprili

Mistari minene. Bibi Kipimo hayupo kwenye mashine na mistari ni ileile.

Jumanne, 16 Aprili

Ileile.

Ijumaa, 19 Aprili

Ileile. Mvua haikomi, kuta za korido zinatoka jasho. Mlinzi ameniuliza kama ni kweli tuliganda nzi. Nikamwambia ndiyo, lakini sikumalizia ya koleo.

Ijumaa, 26 Aprili

Nilihitaji mpira wa kuzibia bomba nikaenda stoo. Bibi Kipimo alikuwa amekaa katikati ya makopo ya skrubu, anazitenga kwa ukubwa. Amekwisha kupanga rafu tatu. Sijawahi kuona stoo ya namna ile, kila kitu kina jina na kimeangalia upande mmoja.

"Karibu, Fundi. Unataka nini?"

Nikamwambia. Akaufikia bila kutazama. Mkono ulitetemeka, akaona nautazama.

"Huo ni mkono wa kushoto," akasema. "Una miaka ishirini hivyo, tangu nianguke na pikipiki. Nalehemu kwa wa kulia." Akaunyoosha wa kulia mbele ya uso wangu. Ulikuwa umetulia kama rafu. "Ungeniuliza, ningekuonyesha."

Nikasema, "Mama, mimi sikusema kwa ubaya."

"Najua. Ulisema kwa utamu."

Nilitoka bila mpira. Nikarudi kuuchukua. Alikuwa ameshauweka mlangoni.

Jumatano, 1 Mei

Sikukuu. Nimelala. Bati linavuja.

Jumatatu, 6 Mei

Wameleta masanduku ya mbao. Yamesimamishwa kwenye korido, marefu, yamepigwa misumari upande mmoja tu, na kila anayepita anapunguza sauti. Mpwa anapita kati yake kama hayaoni. Nimemsikia akimwambia mama yake kwenye simu kwamba anakula vizuri. Mchana alikuwa amekula nusu biskuti, hiyo nusu nyingine nilikula mimi.

Nilikuwa nikisema mtaani kwamba mpwa wangu ataweka mji huu kwenye ramani. Leo muuza vocha kaniuliza, "Vipi, ramani?" Nikamwambia inachorwa.

Jumatano, 8 Mei

Amekuja karani wa ofisi ya Mkuu, dada mmoja mchangamfu mwenye kucha za rangi ya machungwa, kunakili namba za mali kabla ya kupakia. Namba ya friji ipo nyuma, chini kabisa, ikabidi apige magoti kati ya ukuta na mabomba akimulika kwa tochi ya simu. Nikamshikia mkoba. Akatoka na vumbi magotini, akaniangalia, akatabasamu, akaenda zake. Nikadhani ni sura yangu.

Mistari minene.

Ijumaa, 10 Mei

Leo nitaandika yote kama yalivyokwenda, mkono ukichoka nitapumzika.

Asubuhi simu ikalia, namba ngeni. "Hapo ni kwa Fundi Baridi?" Nikasema ndiye mwenyewe, baridi ikiisha duniani wataniita mimi. Alikuwa yule karani. Friza lake la nyumbani haligandishi, amehangaika na mafundi wawili, na juzi akiwa amepiga magoti nyuma ya mashine kubwa akaona namba yangu. "Nikajisemea," akasema, "kama wamempa ile friji kubwa, friza langu litamshinda?"

Jamani. Nimeachia vibao mji mzima, kwenye mabucha, kwenye baa, kwenye chumba cha maiti, lakini mteja wa kutoka mahali kama hapa sijawahi kumpata. Nikaona hili ndilo la kumfurahisha Mpwa wiki hii ya msiba. Nikaenda hadi kwenye meza yake. Alikuwa ameegemeza kichwa kwenye kiganja, anatazama kile kilima chake kinene kama mtu anayetazama mvua.

"Mpwa," nikasema, "inua uso. Ile friji yako imeniletea mteja."

"Hongera, Mjomba."

"Huulizi imeniletea vipi?"

"Imekuletea vipi?"

"Kibao! Kibao changu kimemwita. Nimekibandika nyuma, chini, siku ileile mlipoivisha koti. Mmekaa nacho msimu mzima hamjakiona, karani kaja dakika tano kakiona. Hicho ndicho kinaitwa kipaji cha biashara."

Hakuinua kichwa mara moja. Kwanza mkono wake uliacha kucheza na kalamu. Kisha akauliza polepole, kama mtu anayemwongelesha mbwa mkali, "Mjomba. Kibao kimebandikwa kwa gundi?"

"Gundi!" nikasema. "Gundi ni ya mafundi wa uchochoroni. Changu kina sumaku. Nzuri, nilizitoa kwenye spika kubwa za ukumbi wa..."

Sikumaliza. Kiti chake kilianguka. Aliingia nyuma ya mashine kifudifudi, na nguo zake za kazini, nikamwona visigino tu. Nikasikia tap ileile, lakini ya kubanduka. Akatoka amekishika kibao changu kwa ncha za vidole viwili, akaenda nacho mbali, akatoka chumbani, akapita korido, akapita masanduku, nikamsikia anashuka hadi nje getini.

Aliporudi hakunifokea. Afadhali angefoka. Aliketi sakafuni akaegemea ukuta, akanieleza taratibu, na kila neno nililielewa, jambo ambalo si kawaida yangu. Vile vichuma vilivyowekwa ukingoni havigombani na joto tu. Sumaku ikiwa karibu wakati vinapopoa, inanasa ndani yake na kukaa humo, na kila punje ikigonga vinajibu vibaya kidogo, leo hivi, kesho vile. Jumla yake ni mstari mnene. Lile koti la chuma halikuwekwa kwa urembo wala kwa baridi. Kazi yake moja tu ni kuzuia sumaku isiingie. Bibi Kipimo alipima chumba kizima, akafunga koti, akatulia, maana baada ya koti hakuna anayetafuta sumaku tena.

"Na wewe," akasema, "ukaibandika kwenye koti lenyewe."

"Kwa sababu ndipo iliposhika," nikasema.

Akaanza kucheka. Alicheka hadi machozi, kisha yakawa machozi tu. Nilimpa kitambaa changu, kina grisi, akakitumia hivyohivyo.

Jumamosi, 11 Mei

Mpwa amesema tuipashe friji joto ili sumaku iliyonaswa itoke, kisha tuipooze upya. Nimekaa na kompresa kutwa. Sikumsimulia mtu kitu. Mlinzi kaniuliza kama naumwa.

Jumatano, 15 Mei

Imepoa. Kilima kimekonda, kina bonde dogo juu, kama paji la uso la mtu anayefikiri. Lakini bado ni kilima kimoja. Mpwa amesema koti lenyewe limeshakula sumaku kwa miezi miwili, kukitoa kibao hakutoshi. Linatakiwa lizungushiwe waya mrefu upitishwe umeme wa kwenda na kurudi, uanze na nguvu kisha upunguzwe taratibu mno hadi uishe. Ukipunguza kwa pupa unaliharibu zaidi. Kazi hiyo hapa anaijua mtu mmoja, naye hana ruhusa ya kugusa mashine.

"Nitamwomba Mkuu kesho," akasema.

"Atakuuliza kwa nini. Utamwambia mjomba wako ndiye aliyeharibu?"

Akainamia namba zake.

Nikamwambia wewe kaa, mashine hii ina fundi.

Alhamisi, 16 Mei

Nimekwenda kwa Mkuu. Karani wa kucha za machungwa akanipitisha, akauliza lini nakuja kuangalia friza. Njiani nilikuwa nimeandaa maneno ya kuanzia: baridi ya miaka ileee, ng'ombe, uzoefu, kisha niteremke taratibu. Nilipoketi yote yakayeyuka.

Nikasema, "Mkuu, ile mistari niliinenepesha mimi. Nilibandika kibao changu chenye sumaku kwenye koti la mashine. Sikusikiliza siku ya mafunzo. Na yule mama, mkono unaotetemeka ni wa kushoto, halehemu nao. Niliyokwambia kwenye chai nilikisia, nikakuigizia ili watu wacheke. Mrudishe, yeye tu ndiye anaweza kulisafisha koti."

Akasubiri. Akainama mbele akasubiri tena.

"Enhe?"

"Ndiyo hiyo, Mkuu."

"Fundi, mbona leo hadithi fupi?"

"Imeishia hapo."

Akajiegemeza nyuma kitini. Akasema mkataba wangu utaishia mwisho wa Mei vyovyote itakavyokuwa, mashine ibaki isibaki. Nikasema ni haki. Kisha akainua simu akaita stoo.

Ijumaa, 17 Mei

Bibi Kipimo ameingia na koti lake jeupe, lina mikunjo minne. Hakunitazama. Alizungusha waya kwenye friji asubuhi nzima, mzunguko juu ya mzunguko, kwa mkono wa kulia, wa kushoto akiubana kwapani. Kisha akakaa mbele ya swichi ya kupunguza umeme akawa anaizungusha polepole hivi kwamba nikadhani amesinzia. Mpwa alikuwa akisoma namba kwa sauti. Nilizuia pumzi mara kadhaa bila sababu, maana pumzi haina sumaku.

Alipomaliza akasema bila kugeuka, "Fundi."

"Naam, Mama."

"Na mimi nililiamini koti. Ningepita tena na kifaa changu mara moja tu, ningekuta." Akaanza kukusanya waya. "Sasa shika ncha hii, usikae tu hapo kama friji mbovu."

Nikashika.

Jumanne, 21 Mei

Mvua imepungua. Friji tumeipasha joto tena, sasa inapoa. Nimetengeneza friza la karani, ilikuwa mpira wa mlango tu. Sikuacha kibao. Akaniuliza mbona sikuacha, nikamwambia namba unayo.

Jumatano, 22 Mei

Wameweka lile jiwe. Tulikuwa wanne mbele ya skrini: Mpwa, Bibi Kipimo, Mkuu, na mimi nyuma karibu na mlango. Mwanzoni nukta zilikuwa zinaanguka hapa na pale kama mvua ya kwanza kwenye vumbi. Kisha zikaanza kupanga foleni. Upande wa kushoto ukainuka mstari, mwembamba. Kulia kwake pakabaki patupu. Mbele ya hapo patupu ukainuka wa pili, na mwingine mfupi pembeni yake kama mtoto aliyeshika nguo ya mama.

"Salfa," Mpwa akasema akigusa wa kwanza. "Risasi, na huyo mfupi ni wake."

Kati yao ungeweza kupitisha gari. Siongezi. Ungeweza kupitisha gari.

Mkuu akampa Mpwa mkono, akampa Bibi Kipimo mkono. Akafika kwangu, akasita, akanipa. Kisha akatoka koridoni tukamsikia akiwaambia watu waondoe masanduku.

Alhamisi, 23 Mei

Mistari myembamba.

Ijumaa, 24 Mei

Myembamba. Mpwa amesaini mkataba mpya. Bibi Kipimo amechukua kibao changu kule getini alikokiacha Mpwa, amekibandika kwenye fremu ya chuma ya mlango wa korido, mbali kabisa na mashine, na chini yake ameandika kwa herufi kubwa: SUMAKU ZOTE ZINAISHIA HAPA. Nikamwuliza kama anataka nikitoe. Akasema, "Kiache. Kina kazi."

Namba yangu bado inasomeka.

Jumapili, 26 Mei

Dada amepika kwa ajili ya mkataba wa Mpwa. Baada ya kula Shemeji akajinyoosha akasema, "Haya, Shemeji, tupe ya leo. Nzi mwingine?"

Nikawasimulia hii. Kibao, koti, kilima, magoti ya karani, friza. Niliipeleka moja kwa moja kama ilivyokuwa, sikuongeza hata chafya.

Shemeji alicheka hadi akashika ukuta. "Leo umejipita! Ng'ombe aliyepiga chafya nitamkubali. Nzi nitamkubali. Lakini mashine ya wasomi wote wale, miezi miwili na nusu, iangushwe na kibao chako cha bati, na aliyekigundua awe karani mwenye friza bovu? Ongeza ukweli kidogo bwana!"

"Kaka," Dada akasema, "si tulikubaliana unaandika kwanza?"

"Nimeandika."

"Na ulipoisoma bado ukaona inasemeka?"

Mpwa akaweka kijiko chini. "Mama, ni kweli. Yote ni kweli." Akanigeukia. "Ila Mjomba kuna sehemu ameiruka. Alhamisi ile, kwa Mkuu. Karani alisikia, akanisimulia."

Wote wakanitazama. Shemeji akaacha kucheka. Dada akavuta kiti karibu, na kwa miaka yote ya maisha yangu sijawahi kupewa ukimya mzuri kama ule wa kusimulia ndani yake.

Nikasema vyombo ni vingi na hakuna anayejali. Nikakusanya sahani nikaenda jikoni. Nikiwa nasugua sufuria nikasikia Mpwa ameanza kuwaeleza, sauti ya chini, tangu mlangoni kwa karani. Nikafungua bomba zaidi.